Tanga siku mbili tatu: angalia maji kwanza ndo upange safari

Watu wengi wanakuja Tanga na listi mkononi, Amboni, Toten, Tongoni, Pangani, Maziwe, wanataka waimalize yote kuanzia Jumamosi asubuhi, halafu Jumapili jioni wako kwenye basi wanalalamika mji umepooza. Haujapooza bana, umeufuata saa mbaya. Saa nane mchana jua linawaka, kila mwenye akili yuko kivulini, na kama bahari imekupwa utaenda Raskazone uone mawe na tope halafu useme beach yenyewe iko wapi. Rudi hapo hapo siku maji yamejaa saa kumi na moja jioni, uone watoto wanavyojirusha na wazee wamekaa na kahawa zao, utadhani umeletwa mji mwingine. Kwa hiyo huku mambo yanapangwa kwa maji, listi baadae.

Sasa maji unayajuaje, ni rahisi tu. Bahari inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, hapo na siku moja mbili baada yake ni bamvua, yanajaa sana na yanakupwa sana, na pwani yetu hii siku za bamvua maji yanakuwa chini kabisa kwenye saa nne asubuhi na yanajaa kwenye saa kumi jioni. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, ratiba inageuka, saa nne asubuhi yamejaa na jioni yamekupwa, ila hayaendi mbali. Hujui mwezi umefika wapi? Uliza leo ni tarehe ngapi ya kiislamu, mtu yeyote mtaa wa Ngamiani atakwambia, kwenye tarehe 1 na 15 ndo bamvua, kwenye 7 au 8 na 22 maji mafu. Ukishajua hilo umeshapanga nusu ya safari: bamvua ni fungu la Maziwe asubuhi na kuogelea jioni, maji mafu unaogelea asubuhi halafu jioni unazunguka nchi kavu.

Msimu nao uangalie. Masika, mwezi wa tatu mwishoni mpaka wa tano, mvua inapiga kweli na njia za mapangoni zinateleza, mi singekuja. Wa sita mpaka wa tisa kusi linavuma, hali ya hewa tamu, usiku unalala bila feni, lakini bahari ya nje inachafuka, boti ya Maziwe itakurusha mpaka ujute. Wa kwanza na wa pili joto kali ila bahari mara nyingi imetulia. Chagua mwenyewe unataka kuteseka wapi.

Kufika: kutoka Dar ni kama kilomita 350 kwa njia ya Chalinze na Segera, lami mwanzo mwisho, basi linachukua masaa sita hivi kutegemea na matuta, mizani na trafiki. Ukitokea Mombasa unapitia Lungalunga unaingilia Horohoro, nayo lami, beba tu karatasi zako za kusafiria. Kuna ndege ndogo pia kwa wenye nafasi zao. Stendi kubwa ni Kange na iko nje ya mji, kwa hiyo ukishuka usianze kutembea na begi, daladala zipo, bajaji zipo, bei ya bajaji mmalizane kabla hujakaa.

Kulala ni hivi. Unataka bahari, lala Raskazone. Unataka kuwa katikati uende kila kona kwa mguu, Chumbageni au mjini karibu na soko. Unataka bei nafuu na kelele za maisha, Ngamiani, gesti zimejaa na msikiti uko mlango wa pili kwa hiyo adhana ya alfajiri ndo alamu yako. Mi mgeni wangu namlaza Ngamiani.

Asubuhi ya kwanza tafuta baiskeli. Tanga ni tambarare na baiskeli hapa hazijawahi kuisha, mama anaenda nayo sokoni, mwalimu anaenda nayo shule. Uliza pale ulipolala au nenda kwa fundi baiskeli yeyote, watakuazima kwa siku kwa hela kidogo, ila jaribu breki mbele yake kabla hujaondoka nayo. Toka saa kumi na mbili na nusu, kabla jua halijapanda.

Usinywe chai hotelini. Nenda Ngamiani, mitaa yake imepigwa mistari na barabara zinaitwa kwa namba tu, barabara ya nane, ya kumi, ya kumi na mbili, huwezi kupotea hata ukitaka. Tafuta mama wa vitumbua. Utamjua kwa ile kikaangio ya mashimo juu ya jiko la mkaa, anamimina uji wa mchele na nazi, anaacha pembeni kuwe na rangi, anakizungusha na kijiti kwa kidole kimoja kama hataki, kinageuka chenyewe. Subiri vya moto, usikubali vya kwenye beseni la tangu alfajiri. Weka na chai ya tangawizi, au mihogo ya nazi kama una safari ndefu mbele. Mkubwa kwako mwamkie shikamoo kabla hujauliza bei, siyo tu kwamba ni adabu, hata kitumbua unaongezwa. Na ukisikia unaitwa mgosi, yaani bwana, usijibu vibaya, ndo umekaribishwa.

Ukishashiba endesha kwenda upande wa bahari. Bustani ya Jamhuri iko juu, unaiona bandari yote na Kisiwa cha Toten katikati ya ghuba kimejaa miti. Jirani huko huko kuna boma la zamani la Wajerumani ambalo watu wa shirika la Urithi Tanga wamelikarabati wakaweka makumbusho ndani, picha za zamani za mji, reli, mkonge. Nenda asubuhi wakiwa wamefungua, na siku za wikiendi uliza kwanza. Saa moja inatosha lakini usiiruke, maana ukitoka hapo mji unaanza kueleweka. Reli ya kwanza Tanzania bara ilianzia hapa Tanga mwaka 1893, ikapanda pole pole kuelekea Usambara, ikafika Moshi miaka kama 18 baadae, na mwaka huo huo wa 1893 ndo miche ya mkonge ililetwa na Mjerumani Richard Hindorf. Ilianza safari kama elfu moja ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe kule Pangani. Miche 62 ndo imezaa mashamba yote yale unayoyaona kushoto na kulia kutoka Segera.

Halafu endelea na barabara ya Bombo kuelekea Raskazone, barabara nzuri kuliko zote za mji huu, miti mikubwa imefunika juu, nyumba za zamani zenye vibaraza. Pale hospitali ya Bombo kuna gofu la jengo la Wajerumani juu ya jabali linaangalia bahari, unalitazama kwa nje tu, ni eneo la wagonjwa lile usiingie na kamera yako kama paparazi.

Na ukifika Raskazone, kabla hujavua shati ujue umesimama wapi. Mwezi wa 11 mwaka 1914 Waingereza walishusha hapa askari kama 8,000, wengi Wahindi waliokaa melini wiki kadhaa wanatapika, waende kuuchukua mji uliokuwa na askari kama 1,000 tu wa upande wa Mjerumani chini ya kamanda wao Lettow-Vorbeck, wengi wao Waafrika. Walikaa siku tatu wakapigwa. Katikati ya mapigano nyuki wa porini wakachokozwa na risasi wakatoka mizingani, wakauma pande zote mbili bila kuuliza bendera, ndo maana mpaka leo Wazungu wanayaita mapigano ya nyuki. Waingereza wakarudi melini wakaacha nyuma bunduki za rashasha na risasi 600,000. Makaburi ya vita yapo mjini, ukipenda historia mwambie bajaji akupeleke, ya Waingereza na ya Wajerumani yako mbali mbali.

Kuogelea Raskazone ni kwenye klabu, unalipa kiingilio kidogo unashuka kwa ngazi, kuna bafu na mahali pa kuweka nguo. Maji yakiwa yamejaa ni raha tupu, yakipwa hata usilipe. Nguo za kuogelea ziishie hapo hapo, ukitoka barabarani jifunge kanga au vaa suruali, huu ni mji wa stara hasa Ijumaa. Ukija Ramadhani ni hivyo hivyo, mchana sehemu nyingi za kula zimefungwa na siyo vizuri kutafuna barabarani, lakini jioni ya futari utakula usahau njaa ya mchana wote.

Mapango ya Amboni sasa. Ni kama kilomita 8 kutoka mjini kwa barabara ya Horohoro halafu unakata kuingia ndani. Unaweza kwenda na baiskeli kama magoti yako mazima, la sivyo bajaji ya kwenda na kurudi, na mwambie akusubiri. Malipo ya kiingilio wanakupa namba ya malipo unalipia kwenye simu, hivyo hakikisha simu ina chaji na ina hela, watu wanafika na noti mkononi wanaanza kuhangaika. Bei ya mgeni wa nje ni tofauti na yetu. Vaa viatu vya kushika, siyo ndala, na nguo ambayo hutalia ikichafuka maana kuna sehemu unapita umeinama na moja mbili unapita kwa tumbo.

Mapango yako kumi, wanaloingizwa wageni ni moja. Usiingie bila muongozaji hata kama umeshawahi kuja, giza la mle siyo la kuchezea. Yeye ana tochi na anajua wapi pa kuinama, anakuonyesha mawe yaliyojichonga yenyewe, hili ramani ya Afrika, lile kichwa cha tembo, yule Bikira Maria, mengine yamefanana kweli na mengine unakubali tu kumridhisha. Akimulika juu utaona popo wamening'inia. Halafu mnafika kwenye mzimu, na hapo ndo mi huwa nanyamaza: chupa za marashi, vitambaa vyekundu na vyeusi, sarafu, ubani uliochomwa, watu wanakuja mpaka leo na shida zao, anayetaka mtoto, anayetaka kesi imuishie. Usiguse kitu, na kupiga picha omba kwanza.

Muongozaji atakupa pia hadithi. Kwamba pango linatokea Mombasa, kwamba Wazungu wawili waliingia na mbwa wakapotea, mbwa akaja kuonekana Kilimanjaro. Sikiliza ucheke nayo, lakini vipimo vya wataalamu vya mwaka 1994 vilikuta pango refu kuliko yote halifiki hata kilomita moja, ni kama mita 900. Ya Osale Otango ndo ya kweli: yeye na mwenzake Paulo Hamisi walijificha mapangoni humu kati ya 1952 na 1956 wakitafutwa na serikali ya mkoloni, serikali ikiwaita majambazi na watu wengi huku wakiwaona mashujaa, wanasema walikuwa wanamnyang'anya tajiri wanampa masikini. Muulize mzee yeyote wa Tanga ana upande wake.

Sio mbali na hapo kuna maji moto ya Galanos, ya salfa, yana jina la Mgiriki mmoja wa zamani aliyekuwa na mashamba ya mkonge. Harufu ya yai bovu, majengo yamechoka. Watu wenye matatizo ya ngozi wanayasifia sana. Kama una muda pita, kama huna hujakosa kitu.

Toten nayo unaenda kwa mashua, ulizia pale wavuvi wanaposhusha samaki Deep Sea au kule kwenye klabu za Raskazone, mpatane bei ya kwenda, kusubiri na kurudi, na mmalize kuelewana masaa mtakayokaa. Nenda maji yakiwa yamejaa, yakipwa utashukia kwenye tope la mikoko. Kisiwani kuna magofu ya misikiti ya kale na makaburi ya Wajerumani yamemezwa na majani, hakuna choo, hakuna duka, wala hakuna wa kukuelekeza, kwa hiyo chukua mtu anayekijua.

Siku ya pili ifanye ya njia ya Pangani. Jumla kama kilomita 50, pita Tongoni kwanza, kama kilomita 17 kutoka mjini, na pita mapema. Watu wanaikimbia Tongoni kwa sababu haina vurugu, nadhani ndo mahali nnapopapenda kuliko pote. Gofu la msikiti wa karne ya 14 au 15 na makaburi ya nguzo zaidi ya 20, nguzo nyingi zimeanguka zimelala kwenye nyasi vipande vipande, zilizosimama zimeinama kidogo. Ziangalie kwa karibu utaona vishimo vya mviringo kwenye chokaa, hapo palikuwa na bakuli za kichina zilizopachikwa kama pambo, zimenyofolewa zamani, kimebaki kiota cha bakuli. Zamani hizo mji huu ulikuwa unaitwa Mtangata na ulikuwa na biashara zake. Vasco da Gama alipita 1498, meli yake moja, São Rafael, ikakwama kwenye mafungu ya hapa ikanasuka, mwaka uliofuata akiwa anarudi mabaharia wamepungua kwa maradhi, meli hiyo hiyo akaichoma moto maeneo haya haya. Kaa kivulini kidogo uangalie bahari. Kijiji cha Machui alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909 nacho kiko njia hii.

Mbele kuna Kigombe, kijiji cha wavuvi, kiko ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 2009 kwa ajili ya silikanti, yule samaki wa kale ambaye dunia iliamini ameisha mamilioni ya miaka iliyopita mpaka akavuliwa Afrika Kusini 1938, huku Tanga akaanza kunasa kwenye nyavu za kina kirefu miaka ya 2003 na kuendelea. Kuna wageni wanauliza wapi watapiga mbizi wamuone. Humuoni mgosi, mara nyingi anakaa zaidi ya mita mia chini. Kula changu wa kuchoma hapo Kigombe uendelee na safari.

Pangani yenyewe ni mto unaoingia baharini, mji mkongwe umelala upande huu na kilima cha Bweni ng'ambo, kivuko kinavusha watu na magari. Zunguka mtaa wa India uangalie milango na vibaraza. Hapa ndo walimnyonga Bushiri tarehe 15 Desemba 1889, yule aliyewaongoza watu wa pwani kuwapinga Wajerumani. Panda kivuko hata kama huna shida ng'ambo, ni hela kidogo na ndo mahali pazuri pa kuuona mji.

Maziwe ndo inataka hesabu. Ni fungu la mchanga katikati ya bahari, zamani lilikuwa kisiwa chenye miti na kasa wanataga, miti ikaisha, mmomonyoko ukalila, saivi maji yakijaa sana linazama lote. Kwa hiyo nenda siku za bamvua, mtoke asubuhi mapema mfike maji yanashuka, saa nne mko juu ya mchanga mweupe na matumbawe yako pembeni unaangalia samaki kwa miwani, saa saba mnaondoka kabla halijamezwa. Boti inakodishwa nzima siyo kwa kichwa, mkiwa sita mnalipa kidogo, ukiwa peke yako ulizia hoteli za Pangani au Ushongo kama kuna kundi la kujiunga nalo. Hakikisha bei waliyokutajia ina tozo ya hifadhi ndani yake. Maboya ya kuvaa yahesabu kabla ya kupanda, moja kwa kila mtu, na kama hayatoshi usipande. Kivuli hakuna kabisa, beba maji ya kunywa, kofia na fulana ya mikono mirefu. Ushongo nako uliza kama kuna viota vya kasa vinavyokaribia kuanguliwa, mayai ya Maziwe wanayahamishia pale yasizame, na siku vitoto vinapotoka wageni wanaruhusiwa kwenda kuangalia.

Jioni za mjini hazihitaji mpango mkubwa. Kama Coastal Union wanacheza Mkwakwani nenda, kaa na wazee waliokuwepo walipochukua ubingwa 1988, watakusimulia goli kwa goli bila kuulizwa. Baada ya magharibi toka utafute supu ya pweza, mishkaki, bajia, samaki wa kupaka, kahawa chungu na kashata. Pweza akiwa mgumu usimalize, hamia meza nyingine.

Ukiwa na siku ya tatu usiijaze na pwani tena, panda Amani. Unaenda mpaka Muheza halafu unapanda milima ya Usambara Mashariki, barabara ya vumbi na kona, mvua ikinyesha unataka gari la juu. Bustani ya mimea ya Amani ilianzishwa na Wajerumani 1902, msitu wa baridi, vinyonga, vipepeo, na yale maua madogo ya zambarau ambayo leo yako kwenye madirisha ya Ulaya yote, yametoka kwenye milima na mawe ya huku huku Tanga, Wazungu wameyapa jina la Saint Paul-Illaire aliyekuwa mkuu wa Tanga enzi ya Mjerumani. Beba sweta, na kama unataka kulala juu piga simu kabla maana vyumba ni vichache.

Tiketi ya kurudi Dar kata siku moja kabla, hasa Jumapili na mwisho wa mwezi, mabasi ya asubuhi yanajaa mapema na ya mchana utapigwa jua upande mmoja mpaka Chalinze. Ukienda kusini asubuhi jua liko kushoto, kwa hiyo omba siti ya kulia.